Maswali Yenu Kuhusu Chingamu ya Wrigley

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa kupita tu, kwamba bidhaa ya kwanza kabisa kusomwa dukani kwa msimbopau, yaani ile milia inayosomwa na mashine, ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley. Hatukutarajia kwamba sentensi hiyo moja ingeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyoibeba, ambayo ilihusu mashine za kuhesabia fedha na ilimtoa mwandishi wake jasho. Kwa kuwa barua nyingi zinauliza mambo yale yale, tumechagua chache zinazowakilisha nyingine.

Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumebishana hadi chakula kikapoa. Yeye anashikilia kwamba William Wrigley ndiye aliyevumbua chingamu. Mimi nasema aliikuta. Tafadhali tuamulie.

Ndugu msomaji, ushindi ni wako, ila usimcheke shemeji, kwani jina likishikamana na kitu kwa zaidi ya miaka mia moja ni rahisi kudhani kwamba mwenye jina ndiye mwenye kitu. Binadamu ametafuna vitu visivyomezeka tangu zama za mawe. Kipande cha lami ya mti wa betula kilichochimbuliwa nchini Denmark kina umri wa takriban miaka 5,700, na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamefaulu kusoma vinasaba vya mwanamke aliyekitafuna. Wamaya na Waazteki walitafuna chicle, yaani utomvu mweupe wa mti wa sapodila, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika Amerika. Huko Marekani yenyewe, John Curtis wa jimbo la Maine alianza mwaka 1848 kuuza vipande vya ulimbo wa mti wa jamii ya misonobari, na wateja walivinunua ingawa vilikuwa vikavu na ladha yake haikukaa mdomoni.

Aliyeifikisha chicle katika biashara ya Marekani ni Thomas Adams wa New York. Aliipata kupitia kwa Antonio López de Santa Anna, jenerali aliyepata kuwa rais wa Meksiko, ambaye wakati huo alikuwa akiishi uhamishoni katika kisiwa cha Staten Island na alitumaini kwamba utomvu ule ungeweza kugeuzwa kuwa mpira wa bei nafuu wa kutengenezea magurudumu. Adams alijaribu, akashindwa, akabaki na shehena isiyo na kazi. Ndipo akakumbuka kwamba Wameksiko huitafuna. Mwaka 1871 alipata hataza ya mashine ya kutengenezea chingamu. Wrigley, aliyezaliwa Philadelphia mwezi Septemba 1861, alikuwa bado mtoto wa shule, tena mtoto mtundu asiyekaa darasani.

Mheshimiwa Mhariri, nimesikia kwamba Wrigley alianza kwa kuuza sabuni. Sabuni na chingamu zilikutania wapi? Naomba jibu refu, si la mistari miwili.

Utalipata, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Baba yake Wrigley alikuwa na kiwanda cha sabuni ya kusugulia mjini Philadelphia. Kijana alipofukuzwa shule, baba alimpa kazi ya kukoroga sabuni iliyokuwa ikichemka katika mapipa makubwa, kazi ambayo kiwandani hapo ilihesabiwa kuwa miongoni mwa kazi ngumu kupita zote. Baada ya muda aliomba atolewe kwenye mapipa apelekwe barabarani, na kabla hajafikisha umri wa miaka 14 alikuwa tayari ni wakala wa mauzo anayezunguka miji na vijiji kwa gari la farasi, akibisha hodi kwenye maduka ya watu waliomzidi umri mara tatu. Alikaa katika kazi hiyo kwa miaka mingi, na naamini kwamba alijifunza humo jambo ambalo washindani wake wa baadaye, waliokuwa watu wa viwandani, hawakulijua: mtu wa kwanza wa kushawishiwa ni mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye anayeamua ni kitu gani kikae mbele na kipi kifichwe nyuma ya magunia.

Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 29, alihamia Chicago pamoja na familia yake. Inasimuliwa daima kwamba alikuwa na dola 32 mfukoni. Kilichosahaulika katika masimulizi hayo ni kwamba mjomba wake mmoja alimkopesha dola 5,000, kwa sharti kwamba mwanawe, yaani binamu yake Wrigley, awe mshirika katika biashara. Kwa fedha hizo alianza kuuza sabuni ya baba yake, na mara moja akakumbana na tatizo: faida ya mwenye duka katika sabuni ile ilikuwa ndogo mno, hivyo wengi hawakuwa na sababu ya kuihangaikia. Wrigley akaamua kutoa nyongeza. Kila mwenye duka aliyenunua sabuni alipewa bure beking pauda, ule unga wa kuumulia keki na mikate.

Haukupita muda mrefu wenye maduka wakawa wanaulizia unga zaidi ya sabuni. Mfanyabiashara mwingine angepunguza nyongeza ili kuilinda bidhaa yake. Wrigley aliiacha sabuni akaingia katika biashara ya unga. Na kwa kuwa unga nao ulihitaji nyongeza, mwaka 1892 alianza kutoa pakiti mbili za chingamu kwa kila kopo moja la unga. Mambo yakajirudia. Barua za wenye maduka zikawa zinauliza kama chingamu zinaweza kununuliwa peke yake, bila unga. Kwa mara ya pili alimwamini mteja, akaachana na unga kama alivyoachana na sabuni.

Chingamu zile hazikuwa zake kwa maana ya mkono uliozitengeneza. Zilitoka katika kiwanda kingine cha Chicago kilichoitwa Zeno, ambacho kilizitengeneza kwa agizo lake na kuzitia majina aliyoyachagua yeye. Za kwanza ziliitwa Lotta na Vassar, majina ambayo leo hakuna anayeyakumbuka. Mwaka uliofuata, 1893, zilitoka Juicy Fruit na kisha Spearmint ya ladha ya mnanaa, na hizi mbili bado zinauzwa. Ni vizuri kukumbuka kwamba mwaka huohuo uchumi wa Marekani ulitikisika vibaya, benki zikafungwa na watu wakapoteza kazi. Chingamu ya senti 5 ilikuwa ni starehe ambayo hata mwenye mfuko mwembamba aliweza kuimudu.

Wrigley hakuacha mtindo wa kutoa nyongeza hata baada ya chingamu yenyewe kuwa bidhaa kuu. Mwenye duka aliyeagiza kiasi fulani cha chingamu aliweza kupata mizani, taa, saa ya ukutani au mashine ya kusagia kahawa, na kampuni ilichapisha orodha maalumu ya zawadi hizo ili mtu achague. Mzani uliokaa juu ya kaunta ya duka ulikuwa ukimkumbusha mwenye duka, kila alipopima sukari, nani aliyempa.

Mwaka 1899 kampuni kubwa za chingamu za Marekani, ikiwemo ile ya Adams, ziliungana na kuunda American Chicle. Wrigley alialikwa kujiunga, akakataa, na kwa kukataa huko akabaki mdogo akikabiliana na jitu. Kiwanda cha Zeno alikuja kukichukua mwaka 1911, na hapo ndipo kampuni yake ilipoanza kutengeneza kwa mikono yake kile ilichokuwa ikikiuza kwa takriban miaka 20. Doublemint ilifuata mwaka 1914. Kwa hiyo shemeji wa msomaji wetu wa kwanza akiuliza Wrigley alivumbua nini, mwambieni kwamba alivumbua njia ya kumfanya mwenye duka aitake chingamu kabla ya mteja kuitaka.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa masoko. Mwalimu wetu hutaja matangazo ya Wrigley kila mara bila kueleza yalikuwaje. Naomba mifano.

Kijana, mfano wa kwanza na ulio mzito ni wa mwaka 1907. Mwaka huo kulizuka hofu katika benki za New York, mikopo ikakauka, na kampuni nyingi zikafuta matangazo yake ili kubana matumizi. Wrigley alifanya kinyume. Aliweka mali yake rehani, akachukua mikopo iliyokaribia robo milioni ya dola, kisha akanunua nafasi za matangazo magazetini, kwenye mabango na ndani ya tramu kwa bei ya kutupa, kwa kuwa wenye nafasi hizo walikuwa wamekosa wateja. Angalia jinsi hesabu hiyo ilivyokuwa na hatari: mikopo ile ingemwangusha kabisa kama wateja wasingeitika. Waliitika, na katika miaka michache Spearmint ikawa miongoni mwa chingamu zilizouzwa kwa wingi zaidi nchini Marekani.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1915, na mimi binafsi naupenda zaidi. Wrigley aliagiza zikusanywe orodha za simu za Marekani yote, akawatumia chingamu kwa posta watu wote walioorodheshwa, ambao wakati huo walikuwa kama milioni 1.5. Hebu fikiria bahasha inayofika mlangoni kwa mtu ambaye hakuagiza kitu. Anaifungua na kukuta vijiti vinne vyembamba vya chingamu vilivyofungwa katika karatasi zake, bila hati ya madai wala sharti lolote. Orodha ya simu haikuchaguliwa ovyo. Simu ilikuwa bado ni chombo cha watu wenye uwezo, tena watu wenye majirani wa kuwasimulia. Mwaka 1919 alirudia zoezi hilo, na safari hii waliotumiwa walizidi milioni 7. Kampuni pia ilikuwa na desturi ya kuwatumia watoto vijiti viwili walipotimiza miaka miwili, jambo ambalo mzazi wa leo pengine angelipigia kelele, na kwa haki.

Kuna pia bango lililowekwa katika jimbo la New Jersey, kando ya reli iendayo Atlantic City, ambalo kwa kweli lilikuwa safu ya mabango mengi yaliyounganishwa hadi kufikia urefu wa maili moja, ili abiria wa treni asipate nafasi ya kuangalia kitu kingine. Ukitaka maoni yangu, bango hilo lilikuwa la majigambo kuliko la biashara. Bahasha za posta zilikuwa na akili zaidi, kwa sababu bango humwambia mtu kuwa kitu ni kitamu, ilhali bahasha ilimpa akionje mwenyewe.

Mhariri, babu yangu alikuwa akikusanya matangazo ya zamani ya magazeti. Katika makusanyo yake nimekuta tangazo la Wrigley linaloonyesha karatasi tupu ya Spearmint, bila chingamu yenyewe. Je, ni kosa la uchapaji?

Si kosa, ndugu yangu, na ukiwa nalo likiwa katika hali nzuri lihifadhi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ilikuwa mikononi mwa Philip Wrigley, mtoto wa mwanzilishi, aliyekabidhiwa urais wa kampuni mwaka 1925, miaka saba kabla ya kifo cha baba yake mwaka 1932. Chicle na sukari vilikuwa adimu, na jeshi la Marekani lilihitaji chingamu kwa wingi, kwa kuwa pakiti za chakula cha vitani zilizojulikana kama mgao wa K ziliwekewa chingamu pamoja na biskuti, nyama ya kopo na sigara. Kutafuna kuliaminika kumsaidia askari kukaa macho na kuvumilia kiu.

Philip Wrigley alikuwa na njia mbili. Angeweza kuendelea kuuza chingamu za majina yale yale kwa raia huku akishusha ubora wake, au angeweza kuziondoa kabisa. Mwaka 1944 alichagua njia ya pili: Spearmint, Doublemint na Juicy Fruit zote zilizotengenezwa zikaelekezwa jeshini, na raia wakauziwa chingamu ya daraja la chini iliyoitwa Orbit, ambayo kampuni ilikubali waziwazi kwamba haikufikia kiwango cha zile nyingine. Ndipo likatoka tangazo ulilolikuta. Lilionyesha karatasi tupu na kuwaomba wasomaji waikumbuke. Kampuni ililipia kutangaza kitu ambacho mtu asingeweza kukinunua popote, na ilifanya hivyo kwa sababu ilijua kwamba jina lisiposemwa kwa miaka miwili mitatu husahaulika. Juicy Fruit na Spearmint zilirudi madukani mwaka 1946, Doublemint mwaka 1947, na wateja walizipokea kama kwamba hazikuwahi kuondoka.

Jina la Orbit lilipotea baada ya vita, kisha likafufuliwa miongo kadhaa baadaye kwa chingamu isiyo na sukari. Msiichanganye hii na ile ya vitani.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu. Chingamu hutengenezwa kwa nini hasa, na je, ni kweli kwamba ikimezwa hukaa tumboni miaka saba?

Dada yetu, kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa chicle, na kazi ya kuipata haikuwa nyepesi. Wavunaji, wanaoitwa chicleros, waliingia katika misitu ya Yucatán, Guatemala na Belize wakati wa mvua, kwa sababu ndipo utomvu hutiririka vizuri. Mvunaji alijifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye shina la msapodila, akapanda kwa miguu akichanja gome kwa panga mchanjo mmoja kushoto na mwingine kulia, mithili ya mstari wa radi angani, ili utomvu wa mchanjo wa juu umwagikie katika wa chini yake na kuteremka hadi kwenye mfuko uliofungwa mguuni pa mti. Panga likikosea njia na kugusa kamba, mtu huanguka. Utomvu ulichemshwa katika sufuria kubwa huku ukikorogwa hadi maji yapungue, kisha ukamiminwa katika kalibu na kuwa tofali la rangi ya kahawia. Mti uliochanjwa ulihitaji kupumzishwa miaka kadhaa kabla ya kuchanjwa tena, na misitu ilipokosa kupewa nafasi hiyo, mingi ilikauka.

Mahitaji yalipozidi uwezo wa misitu, hasa baada ya vita, viwanda viligeukia malighafi za kutengenezwa kwa kemia, za jamii ya plastiki na mpira. Chingamu nyingi za leo zina kiini cha namna hiyo, kilichochanganywa na kitu cha kuleta utamu, vilainishi na ladha. Utamu na ladha huyeyuka katika mate ndani ya dakika chache; kiini hakiyeyuki, na ndiyo maana hubaki mdomoni.

Kuhusu miaka saba, huo ni uzushi wa kuwatishia watoto. Kiini hakimeng'enywi, lakini husafiri tumboni na kutoka kama mabaki mengine ya chakula, kwa kawaida ndani ya siku chache. Hata hivyo, mtoto anayemeza chingamu nyingi mara kwa mara anaweza kuzibika utumbo, hali iliyowahi kuripotiwa na madaktari ingawa ni ya nadra, kwa hiyo endelea kuwakataza wasimeze. Kwa upande wa meno, chingamu yenye sukari haiyatendei hisani. Kampuni ya Wrigley ilichelewa kulitambua soko la chingamu isiyo na sukari, na ilitoa Extra, ya namna hiyo, mwaka 1984. Kutafuna chingamu isiyo na sukari kwa dakika 20 hivi baada ya kula huongeza mate, na mate hupunguza asidi inayoshambulia meno. Mwaka 2007 Orbit, Extra na Eclipse zilipewa muhuri wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kwa sababu hiyo. Kama mna mbwa nyumbani, mwekee mbali kabisa chingamu yenye ksilitoli, kitu cha kuleta utamu badala ya sukari, kwani kwake ni sumu.

Mhariri, mliandika kwamba chingamu ya Wrigley ilikuwa ya kwanza kusomwa kwa msimbopau. Kwa nini chingamu, na si bidhaa nyingine yoyote?

Tukio lenyewe lilifanyika tarehe 26 Juni 1974, saa mbili asubuhi na dakika moja, katika duka kubwa la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio. Mteja alikuwa Clyde Dawson, mkuu wa utafiti wa kampuni ya Marsh yenyewe, hivyo msidhani kwamba ni mnunuzi aliyepita njia. Karani Sharon Buchanan aliipitisha bidhaa ya kwanza juu ya kioo cha mashine, miale ikaisoma milia, na bei ikajitokeza: senti 67. Ilikuwa ni pakiti kubwa ya Juicy Fruit yenye pakiti ndogo 10 ndani yake.

Sababu iliyotolewa na Dawson ni kwamba baadhi ya watu walikuwa na shaka kama milia ile ingeweza kuchapishwa na kusomeka kwenye kitu kidogo kama chingamu, naye alitaka kuwaondolea shaka. Kuna jambo jingine ambalo hupuuzwa katika habari hii. Senti 67 kwa pakiti 10 ni chini kidogo ya senti 7 kwa kila pakiti, na bei hiyo ilikuwa bado ngeni, kwa maana tangu karne ya 19 pakiti ya Wrigley yenye vijiti vitano iliuzwa kwa senti 5, na hadi mwaka 1971 ndipo Philip Wrigley alipokubali kuipandisha kufikia senti 7. Vita viwili vya dunia na mdororo wa miaka ya 1930 vilipita bila bei kuguswa. Wachumi wanaweza kusema kwamba huo ulikuwa ukaidi, na huenda wana haki, lakini watu wa kampuni walijua kwamba sarafu moja inayotoka mfukoni bila kuhesabiwa ina thamani kubwa kuliko senti mbili za ziada zinazomfanya mteja asite.

Swali fupi: kwa nini Singapore walipiga marufuku chingamu, na je, Wrigley walifanya nini?

Serikali ya Singapore ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wa chingamu mwaka 1992, baada ya usumbufu wa muda mrefu wa chingamu zilizobandikwa kwenye lifti, viti na hasa milango ya treni za mjini, ambazo zilikwama kwa sababu yake. Marekani na Singapore zilipokuwa zikijadili mkataba wa biashara huria, kampuni ya Wrigley iliwatumia wanasiasa wa Washington kulifikisha suala hilo mezani. Tangu mwaka 2004 chingamu zenye manufaa ya kitabibu zimeruhusiwa, zikiuzwa na wafamasia na madaktari wa meno, na mwanzoni mnunuzi alitakiwa kuandikisha jina lake. Ni ushindi mdogo kwa kampuni kubwa, lakini unaonyesha jinsi ambavyo haikudharau soko lolote, hata la nchi yenye ukubwa wa mji mmoja.

Ndugu Mhariri, je, familia ya Wrigley bado inaimiliki kampuni? Na ule uwanja wa besiboli wa Chicago una uhusiano nao?

Uhusiano upo. Wrigley mwanzilishi alianza kununua hisa za timu ya Chicago Cubs akaishia kuwa mmiliki mkuu, na uwanja wake ukapewa jina la Wrigley Field mwaka 1926. Alinunua pia kisiwa cha Catalina katika pwani ya California mwaka 1919, mwaka uleule ambao hisa za kampuni zilianza kuuzwa kwa umma, na katika miaka ya 1920 akajenga mjini Chicago jengo jeupe lenye mnara wa saa ambalo bado linajulikana kwa jina lake. Timu iliuzwa mwaka 1981, baada ya kifo cha Philip mwaka 1977, lakini jina la uwanja halikubadilishwa.

Kampuni yenyewe iliongozwa na vizazi vinne mfululizo vya familia moja, jambo la nadra. Mwaka 2006 ndipo kwa mara ya kwanza alipoteuliwa mkurugenzi mtendaji asiye wa ukoo huo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, kampuni ya Mars, ambayo nayo ni mali ya familia na inajulikana kwa chokoleti zake, iliinunua Wrigley kwa takriban dola bilioni 23, na sehemu ya fedha hizo ilitolewa na kampuni ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett. Mauzo hayo yalitimia katika mwaka ambao benki kubwa za Marekani zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine, nayo chingamu iliendelea kununuliwa. Jina la Wrigley bado limechapishwa kwenye pakiti za chingamu, ingawa faida yake sasa huingia katika hesabu za Mars.